Mnadi na Neno Lililochelewa

Mume wangu alikuwa mnadi sokoni. Alisimama juu ya meza na kipaza sauti chake, akanadi nguo, masufuria, baiskeli, chochote kilicholetwa. Watu walikuja kumsikiliza hata kama hawakuwa na haja ya kununua. Ukimrushia neno, alikurudishia lake kabla hujafunga mdomo. Mtu akisema, "Sufuria hilo limetoboka!" yeye alijibu papo hapo, "Halijatoboka, linapumua!" na soko zima likaangua kicheko. Hata leo watu hawamwiti kwa jina lake. Wanamwita Mnadi.

Kipaza sauti hicho hicho ndicho kilichomla masikio. Aliacha kwanza kusikia ndege, halafu mlango ukigongwa, halafu mimi.

"Wewe nilianza kutokusikia zamani," aliniambia. "Masikio hayahusiki."

Mjukuu wetu, mtoto wa binti yetu, anaishi nasi. Anaandika programu za simu katika kampuni moja hapa mjini. Babu yake humwita Bi Mdogo, na yeye huniita mimi mke mwenza, na tunagombea mume kila asubuhi. Programu wanayoitengeneza kazini kwake ni ya watu wasiosikia. Unaiweka simu mezani, watu wanazungumza, na maneno yao yanajiandika kwenye kioo kwa herufi kubwa.

Siku alipoiweka kwenye simu ya babu yake, alikaa mbele yake akasema kwa sauti ya kawaida, bila kupaza, "Shikamoo, babu."

Mume wangu alisoma. Akajibu, "Marahaba," kisha akaganda mdomo wazi, maana alikuwa amejibu salamu bila mtu kumpigia kelele. Nikaenda jikoni nikajifanya natazama chungu.

Basi akarudi kwa kinyozi. Pale ndipo wenzake hukaa, kwenye mabenchi nje ya kibanda: kinyozi mwenyewe, fundi viatu wa jirani, na wengine wanaopita. Alienda na simu mkononi akarudi na vicheko.

Lakini programu ilikuwa na ugonjwa. Iliandika vizuri, mara ikaganda. Kioo kilibaki na sentensi ile ile, watu wanaendelea kuzungumza, kisha maneno yote yaliyokwama yakamwagika kwa pamoja kama mchele gunia likipasuka. Kwa mtu mwingine huenda si neno. Unangoja, unasoma, unajibu. Kwa Mnadi ilikuwa msiba. Utani wake ulikuwa kama mpira wa kudaka, na mpira haumngoji mtu.

Siku moja alirudi mapema, akavua kofia, akaketi.

"Wananicheka," akasema.

Nilimwandikia kwa kidole mezani, pole pole: si walikuwa wanakucheka tangu zamani?

"Zamani nilikuwa nawachekesha," akasema. "Sasa wananicheka. Ikiendelea hivi nitakaa nyumbani, tutazamane mimi na wewe mpaka mmoja achoke."

Mjukuu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaja akapiga magoti mbele ya babu yake ili auone mdomo wake. "Babu, huo ugonjwa nitautafuta. Usiache kwenda. Nakuomba usiache."

"Utafute haraka, Bi Mdogo. Mume wako anazeeka."

*

Nilidhani ni kazi ya siku moja. Nilimwuliza tukiwa tunakunja nguo.

"Bibi, kwamba ugonjwa upo tunajua. Hatujui uko wapi."

Akanieleza, na alinieleza kwa subira kama anavyoelezwa mtoto, lakini bila kunidharau. Programu yao ni vipande vidogo maelfu. Kipande kinakituma kingine, nacho kinakituma kingine. Simu ikiganda, yeye anataka akikamate kile kilichokwama akiulize: kakutuma nani? Na huyo aliyekutuma, katumwa na nani? Hivyo hivyo mpaka mwanzo, na njiani atamwona anayechelewesha wenzake. Shida ni kwamba alama za nani kamtuma nani hazikuwekwa. Kuna kitu wanakiita kompaila, ndicho kinachogeuza maandishi yake kuwa kazi ya mashine, na kompaila ikiachiwa inazitupa hizo alama.

"Inazitupa kwa nini? Si zina faida?"

"Mashine ina mikono michache, bibi. Mkono mmoja ukikaa umeshika alama tu, kazi zote zinabaki kwa mikono mingine. Kompaila inaona heri mkono huo nao ufanye kazi. Inapata mwendo, inapoteza njia ya kurudi."

"Na huwezi kuikataza?"

"Naweza. Ni mpangilio mmoja, naongeza neno moja tu. Shida si kuongeza." Akakunja shuka, akalikunjua, akalikunja upya. "Shida ni Mizani."

Mizani ni mkuu wake wa kazi. Walimpa jina hilo wao wenyewe ofisini. Sheria yao ni kwamba badiliko lolote, kabla halijaingia, linashindanishwa na programu ya jana. Likiwa zito kuliko jana, halipiti, hata likiwa zuri namna gani.

Baadhi ya siku mjukuu hufanya kazi nyumbani, sebuleni, na kompyuta yake juu ya meza ya chakula. Siku alipomwomba Mizani, nilikuwa nyuma yake napanga vikombe, kwa hiyo nilimwona kwenye kioo cha kompyuta. Mtu wa makamo, miwani, uso wa mtu aliyekosa usingizi.

"Mbili katika mia," alisema Mizani. "Programu inapungua mwendo mbili katika mia. Umepima mwenyewe."

"Ni kidogo, bosi."

"Kidogo kwenye simu yako. Watu wetu wengi ni wazee, wanatumia simu walizoachiwa na watoto wao. Simu hizo zinahema hata sasa. Unataka nimcheleweshee kila mtu kila neno, asubuhi mpaka jioni, ili uone kitu kinachotokea mara moja moja?"

"Kwa babu yangu si mara moja moja."

Mizani akasogea karibu na kamera. "Pole," akasema, na nilimwamini. "Lakini siwezi kuendesha programu kwa ajili ya babu mmoja."

"Si mmoja. Hao wengine hawana mjukuu wa kulalamika kwako. Na sasa hivi tunabahatisha tu, bosi. Tunarekebisha hapa, tunarekebisha pale, tunatoa toleo jipya, ugonjwa uko pale pale. Tunamfunga mtu bendeji mguuni, kumbe anaumwa jino."

Mizani akacheka, nadhani bila kutaka. Akavua miwani akafikicha macho.

"Haya. Toleo moja. Weka mpangilio wako, utaingia kwenye simu zote mpaka toleo linalofuata. Ukiukamata ugonjwa, nitanyamaza. Usipoukamata naondoa, na usiniletee tena."

"Asante, bosi."

"Usinishukuru. Huyo nyuma yako ni bibi? Shikamoo, bibi. Mlazimishe apumzike kidogo."

"Marahaba, baba. Na wewe pia," nikamjibu, maana alihitaji kuambiwa.

*

Mjukuu hakutaka kumfanyia babu yake kitu bila ruhusa. Aliiweka simu mbele yake, akazungumza, maneno yakaandikwa: Babu, toleo jipya litachelewesha maneno kidogo. Kidogo sana. Ni ili niweze kuona pale linapoganda. Utavumilia?

Mume wangu akasoma akanikonyeza kwa jicho moja. "Nimemngoja mke mwenza wako avae viatu maisha yangu yote. Nitashindwa kungoja neno?"

Sisi tukacheka. Lakini kile kidogo hakikuwa kidogo kwenye simu yake. Ilikuwa simu ya zamani ya binti yetu, kioo kina ufa pembeni, na tangu toleo jipya liingie ikawa na joto kama imetoka kwenye jua. Maneno yalikuja nyuma ya midomo. Si sana. Kama mtu anayetembea nyuma yako hatua mbili, humfikii na humwachi. Nilimwona mume wangu akibadilisha namna yake ya kukaa mezani: kwanza anatazama mdomo wa anayesema, anabahatisha, ndipo anainamia simu kuhakikisha.

Nilimgusa mkono nikamwonyesha simu, nikainua mabega kumwuliza.

"Inachelewa," akasema kwa sauti ya chini, au ile anayodhani ni ya chini. "Usimwambie Bi Mdogo. Anajua mwenyewe, asije akajua kwamba na mimi najua."

Mjukuu alikuwa chumba cha pili, na sauti ya chini ya mume wangu inavuka kuta mbili. Wote wawili wakaendelea siku zile wakifichana kitu ambacho kila mmoja anakijua, na mimi katikati nikiwapakulia.

*

Jumamosi mjukuu alitaka kwenda naye kwa kinyozi. Pale ndipo simu ilipoganda zaidi, watu wakizungumza wengi kwa pamoja. Alikuwa ameiandaa: ikiganda tu, ijichungulie yenyewe na kuandika safu ya waliotumana. Mimi nikafuata, nikaketi mwisho wa benchi.

Walimpokea vizuri. Fundi viatu alisogeza boksi lake la rangi akampa Mnadi nafasi ya kivulini, na kinyozi akazima redio bila kuombwa ili simu isichanganyikiwe. Mambo kama hayo mtu huyaona akiwa hana la kufanya.

"Mnadi!" kinyozi akaanza. "Leo umekuja na walinzi wawili?"

Simu ikaandika. Mume wangu akasoma. "Mmoja wa kunilinda, mmoja wa kumlinda huyo asinichoke."

Wakacheka. Ilichelewa kidogo, lakini wakacheka, na mjukuu akanifinya mkono.

Kinyozi ana kipara kinachong'aa, na ni utani wao wa siku zote. Fundi viatu akasema, "Mnadi, hebu kinadi kichwa cha kinyozi tuone kama kitapata mnunuzi."

Hapo simu ikaganda.

Niliona kioo kimesimama. Mjukuu naye aliona. Mume wangu alikuwa ameinama anangoja, uso umejaa tabasamu la mtu anayejua kwamba anachokozwa lakini hajui kwa lipi. Watu wakangoja pia, kwa heshima. Na wakati huo huo simu ya fundi viatu ikalia. Akapokea. Hakusema mengi. Alisema, "Lini?" na, "Nani yuko naye?" Akaishusha simu.

"Ni dada yangu," akatuambia. "Anasema mama ametutoka. Alfajiri alikuwa anakunywa chai."

Kinyozi akaweka mkasi chini. Nikataka kumgusa mume wangu, lakini mjukuu alikuwa kati yetu, na kabla sijanyoosha mkono kioo kikaamka. Neno la kwanza lililoandikwa lilikuwa lile la kichwa cha kinyozi.

Mume wangu akasimama. Akapanua mikono kama alivyofanya juu ya meza yake sokoni, na kwa sauti ile ya zamani, ambayo haikuzeeka, akanadi:

"Kipara safi, hakijui kitana! Mchana kioo, usiku taa! Nani anaanza? Nani anaanza, jamani?"

Mpita njia mmoja akacheka. Kwetu hakucheka mtu. Mume wangu akatazama uso mmoja baada ya mwingine, mikono bado iko juu, kisha akatazama simu. Maneno yaliyobaki yalikuwa yakimwagika. Nilimwona akiyasoma. Nilijua alipofika kwenye neno mama.

Mikono ikashuka. "Ndugu yangu," akamwambia fundi viatu. "Ndugu yangu, sikusikia."

Fundi viatu alikuwa anafuta macho kwa mkono wenye rangi nyeusi, uso wake umechafuka. Akamjia mume wangu akamkumbatia. Yeye ndiye aliyefiwa, na yeye ndiye aliyembembeleza mwenzake.

"Haidhuru, Mnadi. Mama mwenyewe alikuwa anakupenda. Alinunua kwako lile sufuria."

Lakini aliyasema hayo begani kwake, mbali na simu, na mume wangu hakuyapata. Niliyachukua mimi, nikamwandikia nyumbani.

*

Alipofika nyumbani aliitoa simu mfukoni, bado ina joto, akamkabidhi mjukuu. "Imeganda," akasema. "Ikasaidie."

Mjukuu akaiunganisha na kompyuta yake kwa waya. Alikuwa na machozi, lakini mikono ilikwenda haraka. "Imenaswa, bibi," akasema. "Imeandika. Imenaswa!" Nilisimama nyuma ya kiti chake na kitambaa cha vyombo mkononi. Nilifikiri: basi, angalau. Aibu ile iwe imezaa kitu.

Akasoma. Mikono ikasimama.

"Nini?"

Akayapandisha maandishi juu, akayarudisha chini, akafungua mengine.

"Mama, niambie," nikamsihi.

"Imekatika," akasema.

Alinieleza, na safari hii hakuwa na subira na nafsi yake. Mpangilio ule aliuweka kwenye programu yao yote, kila kipande walichokiandika wao. Lakini sehemu ya kusikiliza sauti hawakuiandika wao. Waliinunua kwa kampuni nyingine, ikaja imekwisha kutengenezwa, imefungwa, huwezi kuifungua. Na hiyo ilitengenezwa bila alama. Simu iliganda humo ndani. Alipomwuliza aliyekwama katumwa na nani, hakukuwa na alama ya kumjibu. Akanionyesha kioo. Palikuwa na mstari mmoja wenye maandishi, na chini yake: haijulikani, haijulikani, haijulikani.

"Ilinipasa kulijua hilo kabla. Mtu yeyote wa kazi yetu angelijua. Nilifikiria gharama tu, bibi. Nilibishana juu ya gharama mpaka nikasahau kuuliza kama njia yenyewe inafika." Akafunika uso. "Nimewachelewesha wazee wote hao. Nimemchelewesha babu. Nimemsimamisha pale, bure."

Nilimshika kichwa. Ningekuwa mpishi wa kompyuta ningempikia.

Jumatatu alimwambia Mizani, mimi nikiwa nimekaa pembeni kwa sababu aliniomba nikae. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia huyo baba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi sikukumbuka," akasema. "Toleo lilipita kwangu. Nilitazama uzito peke yake."

"Nipe jingine, bosi. Niwaombe hao wa sauti watutengenezee lenye alama."

"Nitawaandikia mimi, leo hii. Lakini mpangilio naondoa. Kuna mama ameandika kwamba simu inamchoma mkono. Nilikwambia toleo moja." Akasita. "Babu anaendeleaje?"

Mjukuu akatikisa kichwa tu.

Mizani aliandika kweli, siku hiyo hiyo, barua ya heshima na ya kusihi. Mjukuu alinisomea. Na majibu yakaja, nayo ya heshima: hawawezi kuweka alama kwenye kipande chao, kwa sababu kitapungua mwendo kwa wateja wao wote. Labda siku za mbele watalifikiria. Mjukuu akacheka kicheko kibaya. "Wamemjibu vile vile alivyonijibu yeye. Na hawajakosea, bibi. Hakuna hata mmoja aliyekosea."

*

Fundi viatu alipomaliza kuzika alikuja nyumbani, amevaa shati safi, kumwita mume wangu barazani kwa kinyozi. Alisimama mbele yake akasema pole pole, akitamka kila neno kwa midomo mipana, huku anaashiria mtaa: twende, tunakukosa.

"Nitakuja," mume wangu akamjibu. "Magoti tu." Hajawahi kuumwa magoti. Fundi viatu alilijua hilo, akaketi naye kwa muda mrefu, kisha akaaga.

Jioni, kabla ya kupakua chakula, mjukuu alipiga magoti tena mbele ya babu yake. Akamwambia kwa midomo kwamba ameshindwa, na kwamba hajui lini. Nadhani mume wangu alipata nusu yake. Ilitosha. Akamwekea mkono kichwani.

"Usilie, Bi Mdogo. Ulitafuta." Nilingoja amtanie, amwambie lolote la mume na mke, na mjukuu naye alikuwa akingoja, uso umeinuliwa. Mume wangu akavuta kiti chake mezani.

Toleo jipya lilikuwa limeshaingia, bila alama. Niliichukua simu nikaiweka pale anapokaa, nikaigeuza imwelekee. Haikuwa na joto tena. Mjukuu akaniuliza kama chumvi imetosha, nikamjibu imezidi kidogo, akasema yeye haioni, na maneno yetu yakajiandika kwa haraka na usafi kuliko nilivyowahi kuyaona, karibu pamoja na midomo yetu.

Mume wangu alikuwa anakula, anatazama sahani.

"Zima tu, bibi," mjukuu akasema. "Inamaliza chaji."

Hilo nalo likaandikwa. Nikaiacha iendelee, nikamwongezea mume wangu mchuzi.